Somo: Pima Kazi ya Mjengo Kila Siku, Usingoje Jumamosi

Kwenye mijengo mingi ya Kisumu niliyosimamia, kipimo cha kazi ni macho ya mwenye mjengo Jumamosi mchana. Anashuka kwenye gari, anautazama ukuta kutoka langoni, anasema, "Wiki hii hamjafanya kitu." Foromani anaanza kujitetea, mafundi wananyamaza, na pesa zinatolewa shingo upande. Hakuna hata mmoja wao mwenye hakika kama kazi ilikwenda vizuri au vibaya.

Mimi mwenyewe niliwahi kumwachisha fundi kazi kwa njia hiyo. Tulikuwa tunajenga ghorofa moja upande wa Mamboleo, na timu yake ikajenga mawe 188 siku ambayo nilitarajia yapite 200. Nilimlipa, nikamwambia asirudi. Baadaye nilikaa na daftari nikapiga hesabu ambayo ningepaswa kuipiga kwanza. Jambo lile bado linaniuma, na ndilo lililonifanya niandae somo hili.

Hatua ya kwanza: chagua cha kuhesabu

Chagua kitu kimoja kwa kila kazi, kinachohesabika siku hiyohiyo, palepale kazi inapofanyika. Kwa ukuta hesabu mawe au matofali yaliyojengwa. Kwa plasta hesabu mita za mraba. Kwa msingi hesabu mita za mtaro zilizochimbwa. Usichanganye kazi zisizofanana katika hesabu moja. Kuchimba Riat kwenye miamba na kuchimba Nyamasaria kwenye udongo mweusi unaonata kwenye jembe ni kazi mbili tofauti, hata kama jembe ni lile lile na mtu ni yule yule.

Hatua ya pili: daftari

Safu tano zinatosha: tarehe, idadi, mafundi wangapi, saa walizofanya kazi, na kilichotokea siku hiyo. Ahesabu mtu mmoja, saa ile ile, kwa mfano saa kumi na moja jioni kabla vyombo havijaoshwa. Safu ya mwisho ndiyo watu huiacha tupu, nayo ndiyo yenye mali. "Maji yalichelewa", "jukwaa lilihamishwa", "mvua kuanzia saa tisa": maneno machache tu, lakini wiki ijayo hutayakumbuka kama hukuyaandika.

Hatua ya tatu: wastani na mipaka

Hapa naomba mtulie, kwa maana ndipo somo lilipo. Hizi ni siku kumi za timu ya mafundi watatu na vibarua watatu pale Mamboleo, mawe kwa siku:

212, 198, 225, 205, 190, 218, 201, 209, 196, 206.

Jumla ni 2,060, kwa hiyo wastani ni 206. Sasa tafuta tofauti kati ya kila siku na siku iliyoifuata, bila kujali ipi ni kubwa: 14, 27, 20, 15, 28, 17, 8, 13, 10. Zijumlishe upate 152, gawanya kwa 9, unapata karibu 16.9. Zidisha kwa 2.66 upate 45. (Hiyo 2.66 ni 3 kugawanywa kwa 1.128, namba ya watakwimu. Ishike tu kama ilivyo.)

Ongeza 45 kwenye wastani, kisha toa 45 kwenye wastani. Mpaka wa juu ni 251, wa chini ni 161. Maana yake ni kwamba timu hii, kwa vifaa vilivyopo na mpango uliopo, inaweza kujenga mawe 165 siku moja na 245 siku nyingine bila mtu yeyote kuzembea wala kujitahidi kupita kawaida. Huo ndio mtikisiko wa kazi yenyewe. Wazo hili lilichorwa na Walter Shewhart kule Marekani mwaka 1924, kwa ajili ya kiwanda cha vifaa vya simu, na mjengo unalikubali sawasawa.

Rudini sasa kwenye 188 yangu. Imo ndani ya mipaka, tena mbali na ukingo. Ilikuwa siku ya kawaida, na mimi nilimwondoa mtu kwa siku ya kawaida.

Hatua ya nne: chora na usome

Chukua karatasi ya miraba. Chora mstari wa wastani, mistari ya mipaka miwili, kisha tia nukta moja kila jioni. Ibandike stoo mahali mafundi wanapoiona. Yako mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni nukta iliyotoka nje ya mpaka: siku hiyo kuna jambo limetokea, litafute jioni hiyohiyo. La pili ni nukta nane mfululizo upande mmoja wa wastani: kazi yenyewe imebadilika, kwa heri au kwa shari.

Siku tatu baada ya kumfukuza fundi yule, timu ilijenga mawe 134. Hiyo ilikuwa nje ya mpaka, na fundi niliyemlaumu hakuwepo. Nilifungua safu ya mwisho ya daftari: "maji saa tano". Bomba la mtaa lilikuwa limekauka, mwenye mkokoteni wa maji akafika na mitungi yake saa tano asubuhi, na mafundi watatu walikaa juu ya jukwaa wakingoja udongo wa kujengea. Nilipopekua kurasa za nyuma nikaona kuwa hata siku nzuri maji yalichelewa kidogo, nusu saa hapa, dakika arobaini pale. Tuliweka tangi la lita 5,000 na kulijaza kila jioni. Nukta nane zilizofuata zote zilikaa juu ya 206. Nilipiga wastani mpya na mipaka mipya kutoka hapo.

Hatua ya tano: zege

Zege halingoji jioni. Likishaganda umechelewa, kwa hiyo pima kila mchanganyiko wa pili au wa tatu kwa koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, mdomo wa juu 100 na wa chini 200. Lowesha koni na bati la chini. Jaza kwa tabaka tatu, kila tabaka ulishindilie mara 25 kwa ufito wa chuma. Sawazisha juu, kisha inua koni wima, taratibu, bila kuizungusha. Zege litashuka. Simamisha koni tupu kando yake, laza ufito juu yake, pima kutoka kwenye ufito hadi kichwa cha zege. Hiyo ndiyo slampu, kwa milimita: zege lenye maji mengi hushuka zaidi.

Siku moja tulipokuwa tunamwaga slabu (sakafu ya zege), tukiwa tumeagizwa slampu ya karibu 75, asubuhi tulipata 70, 75, 65, 80. Saa tano ikaruka hadi 130. Kibarua wa mashine alikuwa ameongeza ndoo ya maji, na maji ya ziada hula nguvu ya zege. Kabla sijamfokea nilimuuliza kwa nini. Alisema zege lilikuwa gumu kumwagika. Alikuwa akisema kweli: kokoto zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi zikanyonya maji, na zege lilikuwa likisubiri kwa sababu wilbaro zilikuwa mbili tu. Mchanganyiko ule hatukuumwaga kwenye slabu. Tuliongeza wilbaro ya tatu, na siku ya kumwaga iliyofuata tukamwagia kokoto maji alfajiri.

Hatua ya sita: ahadi za wiki

Kila Jumatatu kila kiongozi wa timu ataje kazi atakazomaliza kufikia Jumamosi. Ukifika mwisho hesabu zilizokamilika kabisa, kwani iliyobaki kidogo haikukamilika. Ahadi 12, zilizotimia 7, ni asilimia 58. Kisha andika sababu ya kila moja kati ya zile tano. Njia hii ilikuzwa na Glenn Ballard na Greg Howell huko Marekani miaka ya 1990. Faida yake iko kwenye sababu kuliko kwenye asilimia. Wiki nne zikipita utaona sababu moja inarudi, mara nyingi vifaa.

Hatua ya saba: pesa

Kwa ufupi. Ukuta umepangiwa shilingi 480,000. Leo umefika asilimia 60, kwa hiyo thamani ya kazi iliyosimama ni 288,000. Umetumia 340,000. Gawanya 288,000 kwa 340,000: 0.85. Kila shilingi uliyotoa imezaa senti 85 za ukuta, na ukiendelea hivyo utamaliza kwa karibu 567,000. Mwambie mwenye mjengo leo, akiwa bado na nafasi ya kuamua.

Maswali ya wanachama

Foromani, Njoro: Mwalimu, kazi zangu ni ndogo, wiki moja na nusu nimemaliza. Siku kumi nitazitoa wapi?

Jibu: Hesabu mara mbili kwa siku, saa saba na jioni, lakini pigia wastani kwa saa za kazi ili asubuhi na alasiri zilingane. Na usitupe daftari la kazi iliyopita. Kama timu na aina ya mawe ni ile ile, anza na mipaka ya zamani.

Dada wa Kakamega: Sisi tunajenga kwa matofali ya kuchoma. Mafundi walipoona nahesabu walianza kunong'ona kwamba nataka kupunguza malipo. Nifanyeje?

Jibu: Dada, wana haki ya kuogopa, maana wengi wamewahi kufanyiwa hivyo. Hesabu timu nzima, usimhesabu mtu mmoja mmoja. Waambie bei haitaguswa, na usiiguse. Halafu rekebisha jambo moja walilolalamikia, liwe maji, jukwaa au ubao, ndani ya wiki ya kwanza. Wakiona daftari limewaletea jukwaa imara, wao wenyewe watakukumbusha kuhesabu.

Kontrakta, Nakuru: Vipande vya zege vya kupimia nguvu, vya siku 7, vimetoa 14 (newtoni kwa milimita ya mraba), na zege letu ni la daraja 25, yaani linapaswa kufika 25 siku ya 28. Tuvunje?

Jibu: Usivunje na usinyamaze. Siku ya 7 tungetarajia takriban theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28, yaani karibu 16 hadi 17. Kwa hiyo 14 ni onyo. Mjulishe mhandisi leo. Wakati huohuo angalia rekodi ya slampu ya siku ile, na uulize vipande vyenyewe vilishindiliwa vipi na vilikaa wapi. Kipande kilichoachwa juani bila maji hakisemi ukweli kuhusu slabu. Endelea kumwagilia slabu, usiipandishie mzigo, na usubiri siku ya 28.

Foromani, Kisumu: Mvua ya alasiri huku kwetu inakata siku katikati. Siku hizo nizifute?

Jibu: Usifute. Andika saa zilizofanyiwa kazi na uchore mawe kwa saa. Siku ya mvua yenye saa tano nzuri inaweza kuwa siku bora kuliko zote. Na kuanzia Machi hadi Mei panga kazi za nje zianze mapema, plasta ya ndani ingoje alasiri.

Mwanachama, Bungoma: Mwalimu, samahani kwa swali hili. Yule fundi ulimrudisha?

Jibu: Nilimpigia simu. Alikuwa amepata kazi Ahero. Nilikwenda huko Jumapili na lile daftari, nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Aliomba kuiona siku yake. Nikamwonyesha nukta ya 188 katikati ya mistari miwili. Aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza jinsi mistari ile inavyopatikana, tukakaa chini ya mwembe nikamfundisha. Sasa ndiye foromani wa mjengo ule wa Ahero, na wiki iliyopita alinitumia picha ya karatasi yake ya miraba.