Gari Haliwaki Asubuhi: Pima Umeme Kabla Hujanunua Betri

Mwaka jana, wakati wa masika, mama mmoja wa Kunduchi, Dar es Salaam, alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Gari la kupelekea wajukuu shule lilikuwa limegoma. Nilipofika nikamkuta amesimama mlangoni na kanga yake begani. Nikamwamkia, naye baada ya kuitikia akasema, "Mwanangu, hii ni betri ya tatu ndani ya miaka miwili. Niambie tu bei ya nyingine." Nikamwomba dakika kumi. Betri ilikuwa nzima. Kilichokufa ni waya wa ethi, ule unaotoka kwenye kichwa hasi cha betri kwenda kwenye injini. Kwa nje ganda lake lilikuwa zima. Nilipolichana, shaba ya ndani ilikuwa imegeuka unga wa kijani.

Betri mbili alizinunua bure, na hili linaniuma kwa sababu kipimo kilichofichua tatizo unaweza kukifanya mwenyewe nyumbani. Kwa hiyo nakuandikia namna ninavyofanya, kwa mpangilio ule ule ninaoufuata nikifungua boneti.

Vifaa

Nunua mita ya dijitali. Ya bei ya chini inatosha kabisa, ilimradi ina sehemu ya kupima volti za DC (umeme wa aina ya betri) na ampea 10. Ongeza spana namba 10 (magari mengi ya Kijapani hufungwa nayo kwenye betri), msasa, brashi ya waya, tochi, miwani ya kukinga macho na pakiti ya fyuzi za rangi mbalimbali. Vua pete na saa ya chuma. Pete ikiunganisha chanya na bodi ya gari, huwaka nyekundu ikiwa bado kidoleni.

Hatua ya 1: Sikiliza gari linavyogoma

Washa switi, kisha piga stata (mota inayozungusha injini ili iwake) mara moja tu. Ukisikia tik-tik-tik ya haraka na taa za dashibodi zinafifia, umeme haufiki wa kutosha: ni betri, au ni miunganisho yake. Ukisikia "tak" moja nzito na taa zimebaki na nguvu, mashaka yaelekeze kwenye stata yenyewe. Stata ikizunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, achana na betri. Tafuta upande wa mafuta, plagi au fyuzi ya pampu.

Kuna hali nyingine inayowatisha wengi bure: taa zote zinawaka vizuri, ukipiga stata ni kimya. Kama gari ni otomatiki, kanyaga breki, peleka gia kwenye N, jaribu tena. Likiwaka, basi swichi ya gia ndiyo inayosumbua.

Hatua ya 2: Pima betri ikiwa imepumzika

Pima asubuhi kabla hujawasha chochote. Weka mita kwenye volti 20 za DC, ncha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi. Betri iliyojaa husoma 12.6 au zaidi kidogo. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 ni karibu tupu. Ikisoma karibu na 10.5, mara nyingi selo moja (chumba kimoja cha ndani ya betri) imekufa, maana betri ina selo sita na kila moja hutoa volti 2.1. Hiyo haifufuki kwa kuchaji.

Sasa mwombe mtu apige stata huku wewe unatazama mita. Isishuke chini ya 9.6. Ikishuka, usiihukumu betri papo hapo: ichaji mpaka ijae, kisha rudia. Betri yenye njaa na betri iliyokufa hufanana sana kabla ya kuchajiwa.

Joto la Dar ndilo adui mkubwa wa betri. Watu hudhani baridi ndiyo inayoua, lakini baridi huifichua tu betri ambayo tayari imedhoofika. Joto hula sahani za ndani na kukausha maji. Ongeza na foleni: unatoka Kimara, injini iko sailensa (inanguruma gari likiwa limesimama) kwa muda mrefu, kiyoyozi, feni na taa vinakula, na alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, kwenye mzunguko mdogo haitoi nguvu yake yote. Gari la safari fupi za foleni linaweza kufika nyumbani na chaji ndogo kuliko liliyoondoka nayo.

Hatua ya 3: Vichwa vya betri na ethi

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu zinapotea.

Anza kwa macho na mkono. Vibanio vya betri, vile vinavyobana nyaya kwenye vichwa, visicheze hata kidogo ukivizungusha. Unga mweupe au wa kijani uondolewe. Wanaoishi karibu na bahari, Kigamboni, Kunduchi, Mbezi Beach, chumvi ya hewani huharakisha kutu hii, na huingia hadi ndani ya waya mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana kutazama peke yake hakutoshi.

Pima hivi. Ncha moja ya mita iguse kichwa hasi chenyewe, ile risasi ya betri, siyo kibanio. Ncha ya pili iguse chuma kisafi cha injini. Mita ibaki kwenye volti za DC. Mtu apige stata, wewe soma. Kama waya ni mzima utaona namba ndogo, 0.1 au 0.2. Ikizidi 0.5, umeme unapotelea njiani. Kwa yule mama nilisoma 2.3. Maana yake stata yake ilikuwa inanyang'anywa zaidi ya volti mbili kila asubuhi, na kila betri mpya ilimsaidia kwa miezi michache tu kwa sababu ilikuwa na nguvu ya kusukuma kupitia ule uchafu. Ikizeeka kidogo, gari linagoma tena.

Rudia upande wa chanya: kichwa chanya cha betri hadi kwenye skrubu nene ya stata. Kiwango ni kile kile. Kisha pima kutoka hasi ya betri hadi kwenye bodi, huku umewasha taa za mbele. Ethi mbovu ya bodi huleta maajabu: unawasha indiketa, taa ya breki nayo inapepesa, unapiga honi, redio inazima.

Kusafisha, fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Sababu ni hii: bodi yote ya gari ni hasi, kwa hiyo ukiwa kwenye chanya na spana ikagusa bodi huku hasi bado imefungwa, unapata shoti kubwa jirani na betri ambayo inaweza kuwa inatoa gesi ya kulipuka. Koroga magadi ya kupikia maharage kwenye maji ya uvuguvugu, mwagia kidogo kidogo juu ya kutu. Litatoka povu, asidi inauawa. Yasiingie ndani ya betri. Suuza, kausha, piga msasa mpaka risasi ing'ae, kaza, ndipo upake mafuta ya mgando juu. Ukiyapaka kabla ya kukaza unaweka kizuizi kati ya chuma na chuma.

Hatua ya 4: Alteneta

Gari likiwaka, pima tena kwenye vichwa vya betri. Tarajia kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, kiyoyozi na feni, kanyaga mafuta kidogo: isishuke chini ya 13.5. Baadhi ya magari, kompyuta hupunguza chaji makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo ukisoma 12.8 usikimbilie kulaumu. Washa taa za mbele, subiri, pima upya. Ikizidi 15, kidhibiti cha chaji kimeharibika, na betri inachemshwa. Usiendelee kuliendesha gari hilo siku nyingi.

Kama chaji haipo, tazama mkanda kabla ya kufungua alteneta. Mkanda uliolegea hupiga kelele asubuhi au baada ya mvua. Baada ya hapo ndipo unakuja kwenye kaboni za ndani ya alteneta zilizokwisha, kazi ambayo fundi mzuri huifanya bila kukuuzia alteneta nzima.

Na tafadhali, mtu asikuchomolee kibanio cha betri injini ikiwa inanguruma ili "kujaribu alteneta." Betri ndiyo inayotuliza umeme. Ukiitoa ghafla, volti hupaa na huweza kuunguza kompyuta ya gari. Kipimo hicho ni cha magari ya zamani, na hata huko hakikuwa salama.

Hatua ya 5: Betri inakufa gari likiwa limelala

Betri nzima, chaji nzuri, lakini Jumatatu gari haliwaki baada ya kulala tangu Ijumaa. Kuna kitu kinanyonya. Zima kila kitu, fungua boneti na ufunge milango. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, fungua hasi, na weka mita katikati ya kichwa na kibanio, kisha subiri nusu saa kompyuta zilale. Kusoma chini ya 0.05 ni kawaida. Usiwashe switi wala kupiga stata mita ikiwa hapo, itaungua.

Ukisoma 0.5, kwa saa 48 umepoteza saa-ampea 24, na hiyo ni sehemu kubwa ya chaji ya betri ndogo ya gari la familia. Chomoa fyuzi moja moja ukitazama mita. Namba ikianguka, umeipata laini yenye mwizi. Kwa uzoefu wangu, kwanza huwa ni vitu vilivyoongezwa: redio ya skrini, kamera, alamu, kifaa cha kufuatilia gari. Kisha taa ya buti isiyozima.

Fyuzi, panya na maji

Rangi za fyuzi zina maana: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Iliyokatika weka ya ampea zile zile. Ikikatika tena, kuna shoti, na kuweka kubwa zaidi au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ni kuhamishia moto kwenye nyaya, ndani ya gari unalobebea watoto. Gari lililokaa siku nyingi, kagua kama panya wametafuna nyaya.

Ukipita kwenye maji ya mafuriko ya bonde la Jangwani, Dar, na yakaingia ndani, usilijaribu jaribu kuliwasha. Fungua hasi ya betri, inua zulia, kausha soketi zote, hasa zile za chini ya dashibodi.

Gari la haibridi (lenye injini na mota ya umeme), nyaya nene za rangi ya chungwa usiziguse kabisa. Hizo hubeba zaidi ya volti 100 na zinaua. Soketi za njano ni za mifuko ya hewa, nazo waachie wenye vifaa vyake.

Ikiwa kweli betri imekufa

Soma maandishi ya ile ya zamani kabla hujaenda mtaa wa Gerezani, Dar, kununua mpya. Mfano 46B24LS: 24 ni urefu kwa sentimita, L huonyesha upande wa vichwa, na S ni vichwa vinene. Ukichukua R badala ya L nyaya hazitafika, na ukizivuta kwa nguvu umeanza ugonjwa mwingine. Mwambie muuzaji aipime mbele yako, isipungue 12.5. Ukishaifunga, chukua maka peni uandike tarehe juu ya betri, pamoja na volti ulizosoma siku hiyo.