Jumanne ya maji: tangi moja, watu watatu, siku saba

Sisi tuliokulia Dar na ndoo uani huwa tunajiona mabingwa wa mgao. Nilifika Amman, mji mkuu wa Jordan, na kiburi hicho, kikaisha wiki ya pili.

Hapa maji ya bomba huja kwa zamu, kila mtaa na siku yake. Kwetu ni Jumanne, jioni hadi usiku mkubwa. Hupanda kwenye tangi la bati juu ya paa, na yakishakatika, tangi hilo ndilo bomba lako mpaka Jumanne nyingine. Kwa hiyo kabla hujanunua hata sufuria, muulize mwenye nyumba: siku yetu ya maji ni ipi, na tangi letu ni lipi? Paa moja lina matangi kibao yanayofanana. Letu nimelifunga kipande cha kanga mguuni.

Kisha piga hesabu. Tangi letu ni la lita 2,000, tuko watatu. Tenga lita 300 za dharura. Zilizobaki zigawe kwa siku saba, kila mmoja anapata kama lita 80 kwa siku. Unaona nyingi? Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la mvua, utazame saa. Kwetu ilijaa kwa dakika moja na kidogo. Anayeimba nyimbo tatu humo bafuni kamaliza mgawo wake wote na hata hajapika. Tumerudi kwenye ndoo na kopo.

Ukifungulia koki ya maji ya moto, yale ya kwanza usiyaache yapotee. Hita ya jua iko paani, na bomba lote mpaka kwetu limejaa maji baridi: nilipima, lita 6. Ni masafi kabisa. Yakinge, oshea mchele, kisha maji ya mchele mwagilia mnanaa dirishani. Maji ya kufulia yanaenda chooni, ila ya suuzo la mwisho yaweke ulowekee nguo zinazofuata, au udekie. Sakafu ni za vigae, na maji husukumwa kwa mpira wenye mpini unaoitwa gashata (nami kila nikilisikia nawaza kashata za nazi).

Kufua ni Jumanne tu, maji yakiwa yanaingia. Unachotoa kinarudishwa palepale, na mgao ukikatika tangi limejaa mpaka kwenye boya. Mita inasoma vilevile, usijidanganye.

Sasa ile wiki ya pili. Fundi alibadilisha kipande cha bomba paani, akafunga vali, akasahau kuifungua. Jumanne usiku nikasikia matangi yakinguruma huko juu, nikalala kwa amani. Alhamisi asubuhi nina sabuni usoni, koki ikakohoa mara mbili, kimya. Nikapanda paani na khanga yangu kifuani. Tangi la bati ligonge kwa kifundo cha kidole kuanzia juu kushuka: penye maji mlio ni mzito, patupu panalia kama debe. Letu lililia debe mpaka chini. Tukaita boza, likaja na maji mara tatu ya tangi letu, na dereva hataki kuuza nusu. Mama wa ghorofa ya chini ndiye aliyetusitiri: akachukua fungu lake, akamwita jirani mwingine, tukachangia bei.

Tangu hapo kila Jumanne saa nne usiku napanda. Nashika bomba linaloingiza. Likiwa la baridi na linatetemeka, maji yapo. Halafu nafunua kifuniko nione kwa macho yangu.

Kwenye tangi la choo tumbukiza chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji, mbali na boya. Tofali hapana, linamomonyoka.

Na baridi ikija, madumu mawili ya lita 20 yakae ndani, maana Januari kuna usiku ambao maji huganda ndani ya mabomba ya paani hata kama tangi limejaa. Madumu hayo hayaguswi. Mwenzangu mmoja aliyadekia. Kesho yake mabomba yameganda, na mtungi wa kunywa, tunaojaza dukani, umebaki kikombe kimoja. Tulipiga mswaki kwa chai iliyolala kwenye chupa.