Kuenda Kisumu na treni kuona mgonjwa Russia

Wenye mko Nairobi ama Nakuru na mtu wenu amelazwa Jaramogi, ile hospitali kubwa ya Kisumu watu huiita Russia, treni ya wikendi inaweza kuwasaidia sana lakini jueni inafaa kazi gani. Inatoka Nairobi Ijumaa saa kumi na mbili na nusu jioni, inalala njiani, Jumamosi asubuhi mko Kisumu, halafu inarudi Jumapili jioni. Hiyo ni treni ya mtu anaenda kukaa na mgonjwa, amlishe, ambadilishe shuka, apokezane na yule amekesha naye wiki nzima (huyo ndiye watu husahau, na yeye pia anachoka). Kama ni kliniki ya daktari bingwa usiitumie, hizo huwa siku za kazi, utafika Jumamosi ungoje Jumatatu. Na mtu mahututi tafadhali usimpandishe kabisa, safari ni karibu masaa kumi na mbili na usiku huko kati ya Londiani na Fort Ternan akizidiwa utampeleka wapi?

Kata tiketi mapema, haswa Krismasi na Pasaka, na msimu wa mvua kubwa ulizia kwanza kama inatembea. Beba blanketi na sweta nzito hata kama unajua Kisumu ni joto, maana reli ni ile ya zamani iliyofika ziwani 1901 na inapanda kule Molo na Mau Summit, baridi ya huko saa nane usiku inaingia mpaka kwa mifupa, sweta utaivua ukishafika Muhoroni.

Stesheni ya Kisumu iko chini karibu na bandari, hospitali nayo iko Kakamega Road kabla ufike Kondele. Chukua tuktuk, mkubaliane bei kabla hujaketi, na umwambie "Russia", kila mtu anaijua hivyo tangu Wasovieti waijenge miaka ya sitini. Usiseme tu "hospitali kubwa" ama "rufaa" kwa sababu iko ingine ya kaunti hapo tao, na ukishushwa huko na mizigo yako ni nauli ingine.

Sasa usikimbie wodini saa moja asubuhi. Saa za kuona wagonjwa kawaida ni mchana na jioni, kwa hivyo mpigie aliye na mgonjwa akwambie wodi gani, kitanda gani, na kama anaruhusiwa kula, ndio usibebe chakula sista akuambie urudi nacho. Oga, kunywa chai, lala kidogo. Wakiwaomba damu na uko na kilo hamsini kwenda juu na miaka haijapita sitini na tano, toa, lakini kula kwanza na unywe maji mengi, usitoe ukitoka tu kwa treni bila usingizi.

Ya SHA, ile bima ya afya ya serikali, malizeni kabla ya safari. Mgonjwa asajiliwe kwa *147#, na ile simu iko na laini yake ikae karibu na yeye, sio wewe ushuke nayo Nairobi Jumatatu asubuhi halafu watu wa malipo wakihitaji kuthibitisha kitu kwa hiyo laini ikose.