Pleteleti 62,000 kwa mgonjwa wa mafua makali: hakiki kabla ya kusaini

Mashine imekutolea pleteleti, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda, 62,000 kwa mikrolita, na mgonjwa amelazwa na influenza, anapumua kwa oksijeni. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000. Namba hiyo yaweza kuwa kweli. Yaweza pia kuwa uongo wa chupa.

Hatua ya 1. Inamisha taratibu ile chupa ya kifuniko cha zambarau. Ukiona bonge la damu, hata dogo kama punje ya mchele, omba sampuli mpya.

Hatua ya 2. Tengeneza slaidi nyembamba, ikaushe, ipake rangi. Anza na lenzi ya 10, tena mkiani mwa slaidi, maana pleteleti zilizoshikana hukokotwa hadi huko. Nilipokuwa mgeni kazini nilirukia lenzi ya 100 katikati, nikaandika "chache". Kumbe mkia mzima ulikuwa mabonge matupu.

Hatua ya 3. Ukiyakuta, shaka iangukie EDTA iliyomo kwenye chupa ya zambarau: kwa baadhi ya watu dawa hiyo ya kuzuia damu isigande hufanya pleteleti zishikane. Damu ichukuliwe upya kwenye chupa ya sitrati, kifuniko cha buluu, ijae hadi mstarini. Jibu lizidishe kwa 1.1, kwa kuwa sitrati huizimua damu.

Hatua ya 4. Hakuna mabonge? Weka mafuta, lenzi ya 100, tafuta mahali chembe nyekundu zinapokaribia kugusana. Hesabu pleteleti katika nyanja 10 (uwanja mmoja ni duara unaloliona kwenye lenzi), tafuta wastani, zidisha kwa 15,000 (kuna maabara zinazotumia 20,000; fuata ya kwenu). Ukipata jumla ya 41, wastani ni 4.1, sawa na 61,500. Mashine haikusema uongo. Ukiwa hapo hapo tafuta vimelea vya malaria, kwani nayo hushusha pleteleti, na mtu anaweza kuugua vyote viwili.

Hatua ya 5. Sasa fikiria zimekwenda wapi. Virusi na uvimbe vikishajeruhi kuta za mishipa midogo ya mapafu, pleteleti hunata pale, huamka, humwaga kemikali zinazoita neutrofili, yaani chembe nyeupe za ulinzi. Neutrofili nazo hutupa nyavu za DNA, damu inaganda ndani ya vimishipa, uvimbe unazidi. Kwa hiyo zilizopungua mkononi huenda nyingine zimekwama kifuani. Mwaka 2015 watafiti walichapisha majaribio ya panya wenye influenza: dawa za kuzuia pleteleti zilipunguza uvimbe wa mapafu na vifo. Panya lakini. Ndugu wa mgonjwa akikuuliza dirishani kama anunue aspirini, mwambie asinunue, amwone daktari. Kwa mtoto mwenye influenza huweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaoharibu ini na ubongo.

Hatua ya 6. Andika "imehakikiwa kwa slaidi, hakuna mabonge", kisha piga simu wodini. Muulize muuguzi kama kuna majibu ya jana: kushuka kutoka 180,000 kwa siku moja si sawa na kukaa kwenye 60,000 wiki nzima, na karatasi yako peke yake haiwezi kumwonyesha daktari tofauti hiyo.