Kumfunza uongozi mwalimu na muuguzi aliyezaliwa bomani

Chagueni mwezi kabla ya kuchagua mada. Sisi Longido huweka mafunzo yetu Juni. Masika yamekwisha, barabara ya Ketumbeine inapitika, shule zimefungwa kwa hiyo walimu wana nafasi, na nyasi bado zipo, maana yake wazee na ng'ombe wako karibu. Ukingoja Septemba au Oktoba utakuta boma lina akina mama na watoto tu, wengine wamefuata maji na malisho. Na mafunzo haya bila wazee hayafai kitu.

Mimi ni muuguzi mkunga, Mmaasai, na miaka yangu mingi ya kazi nimeimaliza kwenye zahanati za vijijini. Kila mwaka nasaidia kuandaa siku sita za mafunzo kwa vijana wetu walioajiriwa kuwa walimu na wauguzi. Naandika kwa ajili ya anayetaka kuanzisha kitu kama hiki kwake, iwe Simanjiro, Kiteto au Ngorongoro.

Kwanza elewa mzigo wao. Mganga mfawidhi aliyetoka mkoa mwingine akikosea kijijini anasamehewa, ni mgeni. Mtoto wa hapa akirudi na cheti anadaiwa pande mbili. Halmashauri inataka taarifa ya mwezi, na baba yake mdogo anataka atibiwe kabla ya foleni. Hakuna aliyemfundisha kusimama katikati. Nimewaona wauguzi wazuri wakiomba uhamisho kwenda mjini kwa sababu hiyo tu, na iliniuma sana, kwa kuwa kila aliyeondoka aliacha wanawake wasiojua Kiswahili wakijieleza kwa vidole.

Chukueni watu wawili wawili: mwalimu mmoja na muuguzi mmoja kutoka kijiji kimoja. Msimchukue mtu peke yake. Akirudi peke yake mambo aliyojifunza yatafia mfukoni, lakini wakiwa wawili mmoja atamwuliza mwenzake, "Lile tulilokubaliana limefikia wapi?" Tena mtoto anayesinzia darasani na mama mwenye upungufu wa damu mara nyingi wanatoka nyumba moja. Kumi na wawili wanatosha. Hakikisheni nusu ni wanawake, na kwa mwenye mtoto mchanga lipieni nauli ya msaidizi wa kumshika mtoto. Msipofanya hivyo mtapata wanaume watupu na mtasema wanawake hawakujitokeza.

Siku ya kwanza tunasoma pamoja Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la mwaka 2007, ambalo Tanzania ililipigia kura ya ndiyo. Someni Ibara ya 14, inayohusu elimu kwa lugha na utamaduni wa watu wenyewe, na ya 24, inayohusu dawa zao za asili na haki ya kupata huduma zote za afya bila ubaguzi. Saa moja inatosha. Mtu atainuka kuuliza kama neno "watu wa asili" linatuhusu, kwa kuwa serikali yetu husema Waafrika wote ni wa asili. Ni swali halali, ila msiliachie likameza siku. Wanaokuja hapa wanajua vizuri kuwa watoto wao huanza shule wakiwa na Kimaasai tu, na zahanati ya jirani iko mwendo wa nusu siku.

Sasa kiini cha kazi, ambacho kwangu kinastahili siku mbili nzima: uongozi uliopo tayari.

Sisi tunaongozwa kwa rika, yaani kundi la wanaume waliotahiriwa kipindi kimoja, na kila rika lina jina lake. Makaa wako juu ya Landis, Landis juu ya Korianga. Mwalimu mkuu wa miaka thelathini na mbili ni Korianga, hata kama ofisini kwake kuna muhuri. Mwaka mmoja alikuja kijana wa namna hiyo, amevunjika moyo. Wasichana watatu wa darasa la sita walikuwa wameacha shule, na mmoja alishachumbiwa. Akaitisha mkutano, akasimama mbele ya wazee akasoma sheria ya mwaka 2016, ile ya kifungo cha miaka 30 kwa anayeoa mwanafunzi. Wazee hawakubisha. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakachukua fimbo zao, wakaondoka mmoja mmoja.

Tulimwomba atuoneshe alivyosimama. Akasimama mikono nyuma, karatasi mbele, kama anavyosimama mstarini asubuhi. Laigwanani, yaani kiongozi wa rika, tuliyemwalika akamwuliza jambo moja tu: "Nani alikuwashia moto?" Darasa zima likaelewa. Kwetu rika lililo hatua mbili juu yako ndilo linalokuwashia moto wa ujana, na ndilo lenye haki ya kukukaripia na wajibu wa kukusemea. Kwa Korianga, hao ni Makaa. Kijana alikuwa amewaendea walezi wake kwa tishio, mbele za watu, bila kuwapitia nyumbani.

Akafanya upya. Jioni moja alikwenda bomani kwa mzee mmoja wa Makaa, na sukari, majani ya chai na tumbaku. Akainamisha kichwa, akaguswa kichwani kama mdogo anavyosalimiwa na mkubwa, akakaa. Akaongea habari za ng'ombe kwanza, kisha mvua, kisha wasichana. Sheria aliitaja mwishoni, kama jambo analoogopa lisimkute mzee. Mkutano uliofuata aliyeshika fimbo na kusema alikuwa mzee. Wasichana wawili walirudi. Wa tatu hakurudi, na mwalimu alilazimika kwenda ustawi wa jamii na polisi. Mfundisheni mtu yote mawili. Heshima, enkanyit kama tunavyoiita, haimwondolei wajibu wa kumlinda mtoto, na asiambiwe kwamba kila jambo litaisha kwa chai.

Kwa hiyo msitumie mifano ya vitabuni. Kila jozi ije na kesi moja ya kwao ambayo haijaisha, iigizwe darasani mbele ya wazee wawili na mama wawili, irekebishwe, iigizwe tena. Kwa muuguzi mwanamke jambo ni gumu zaidi, maana hana rika la kusimamia barazani. Njia iliyonifaa mimi ni kupitia mkunga wa jadi, enkaitoyoni. Nilimkaribisha chumba cha kujifungulia, akae upande wa kichwa cha mzazi, amshike, amsemeshe, nami nibaki na kazi ya mikono. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 inapendekeza mama awe na msindikizaji anayemtaka, na achague mkao wake. Baada ya hapo, mkutanoni nikisema neno, lilikuwa tayari limeshazunguka maboma kwa midomo ya wakubwa.

Siku ya nne ni lugha. Kila mmoja aeleze ugonjwa au somo kwa Kimaasai kitupu. Utashangaa wasomi wanavyokwama. Muuguzi mmoja alishindwa kabisa kueleza shinikizo la damu, mpaka bibi mmoja aliyekaa nyuma akasema: damu inasukumana kama ng'ombe kwenye lango la boma, jioni fisi akilia. Tumeitumia hiyo tangu siku ile. Andikeni daftari la maneno kama haya.

Siku ya tano ni fedha, na hapa iteni mhasibu wa halmashauri. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kwa hiyo muuguzi anayesimamia zahanati lazima ajue kupanga bajeti na kuisoma mbele ya kamati ya kituo. Walimu wakuu wana ADEM ya Bagamoyo, wakala wa serikali unaofundisha uongozi wa elimu, kwa usimamizi wa shule, na anayepata nafasi aende. Sisi tunafundisha kitu kimoja: kubandika mapato na matumizi ukutani, na kuyasoma kwa sauti kwa wasiojua kusoma.

Kama mko Mbulu na mnafundisha Wahadzabe wa Yaeda Chini, msinakili habari zangu za rika. Wao hawana machifu, na anayejikweza mbele ya wenzake hupoteza watu. Kaeni nao kwanza muone neno linakubaliwaje, kisha tungeni siku zenu.

Siku ya sita kila jozi inaahidi jambo moja la kufanya, si matatu. Kisha tunawafuata Septemba, Desemba na Machi. Pigeni simu pia, ila safari ndiyo yenyewe: lala kijijini usiku mmoja, uone ukuta wenye karatasi ya fedha, uongee na mama aliyejifungua juzi. Posho ya semina ipunguzwe, mafuta ya pikipiki yaongezwe. Ziara ya Machi iwahi kabla mvua haijafunga barabara, na kabla ya kuondoka waombeni hao wawili wawapeleke kwa mzee waliyemwendea. Mwulizeni yeye nani aje Juni.