Kufungua mlango wa maikrowevu kabla haijamaliza

Ukivuta mlango zikiwa zimebaki sekunde 20, mawimbi hayakufuati nje. Kwenye fremu ya mlango kuna swichi ndogo, kwa kawaida 3. Mbili hukata umeme wa magnetroni, yaani kifaa kinachotoa mawimbi, mara tu mlango unapoachia. Ya tatu huzilinda hizo mbili: zikigoma kukata, yenyewe hupiga shoti makusudi ili fyuzi iungue. Magnetroni ikizima, mawimbi hutoweka papo hapo, wala hakuna "mionzi" inayobaki kwenye wali.

Hata hivyo, bonyeza kitufe cha kusimamisha kwanza. Swichi ikikatwa ghafla wakati umeme mwingi unapita hutoa cheche, na ncha zake huungua kidogo kidogo hadi zigande. Dalili yake ni fyuzi kuungua kila unapofungua au kufunga mlango. Hapo zinabadilishwa swichi na fyuzi pamoja. Fundi anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ameondoa ulinzi huo wa mwisho, hata kama chakula kinapata moto. Kava usilifungue mwenyewe: kapasita ya ndani, yaani kifaa kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na chaji ya volti zaidi ya 2,000 baada ya plagi kuchomolewa.

Kupima, weka kikombe cha maji, washa, kisha fungua mlango. Mvumo mzito ukatike palepale. Feni au taa kuendelea si tatizo. Mvumo usipokatika, chomoa na usiitumie tena. Kuweka simu ndani na kuipigia si kipimo, maana inaweza kuita hata kwenye maikrowevu nzima.

Vumbi la kiangazi cha Dodoma hujikusanya kwenye ukingo wa mlango, likichanganyika na mafuta mlango haukai sawasawa. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, bila kukwangua. Mlango uliopinda au wenye bawaba zilizolegea, usiwashe.

Kuna wakati mmoja mlango haufunguliwi kabisa: moto ukiwaka ndani. Zima soketi ukutani, chomoa plagi, uache moto ukose hewa. Ukifungua unaupa hewa.

Maji ya chai yanahitaji subira. Hapa Dodoma, takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu nyuzi 96, lakini kwenye kikombe laini yanaweza kupita hapo bila kutoa povu, kisha yakalipuka ukitia majani au sukari. Weka kijiko cha mbao kabla ya kuwasha, na yakishapata moto subiri nusu dakika.

Na zabibu zetu zisiingie humo. Mbili zikigusana, nguvu ya mawimbi hujikusanya pale zinapokutana na kutoa miale ya moto inayoweza kuharibu chombo.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, na maikrowevu yako ni ya kitufe cha kuzungusha, kirudishe kwenye sifuri na uchomoe plagi. Aina hiyo inaweza kuendelea yenyewe umeme ukirudi, pengine chakula umeshakitoa, na kuwaka bila kitu ndani kunaweza kuiua magnetroni.