Kiatu Kile Kilikuwa Gari: Namna ya Kusoma Vitu Katika Picha za Watoto

Ukipewa picha ya mtoto, usianze na uso. Uso hukuteka upesi, na ukishatekwa huoni kingine. Mimi huufunika kwa kidole gumba, kisha natazama mikono: imeshika nini, na imekishikaje?

Halafu pima kitu hicho kwa mwili wa mtoto. Mwaka 1909 Lewis Hine, mpiga picha aliyeonyesha watoto waliofanyishwa kazi, aliwapiga picha wavulana wawili ndani ya kiwanda cha nyuzi huko Macon, Georgia, nchini Marekani. Mmoja yuko pekupeku, amepanda juu ya mashine ya kusokotea ili aweze kuhudumia nyuzi. Kimo cha mashine kinatosha kukueleza kwamba aliyeiunda hakuwa na mtoto akilini. Hine alipima watoto hata kwa vifungo vya kizibao chake, maana alijua kila kifungo kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni. Nawe tafuta kifungo chako pichani: kiti, ndoo, kitasa cha mlango.

Tazama na uchakavu. Mkoba ulioshonwa kamba mara mbili, kwa nyuzi za rangi mbili, unaonyesha kwamba kuna mtu aliyeketi akaushona, akarudia tena.

Sasa hatari yenyewe. Niliwahi kumpiga picha mtoto aliyekumbatia kiatu kimoja kilichotoboka, nikaandika chini yake maneno mazito ya umaskini. Mwenzangu akaniuliza: "Ulimuuliza mwenyewe?" Sikuwa nimemuuliza. Nikarudi. Mtoto akaniambia lile ni gari, akapitisha kidole kwenye tundu la mbele: "Dereva anachungulia hapa." Nilifuta maelezo yote. Bado inaniuma nilivyokuwa tayari kumsemea.

Kwa hiyo muulize kitu chake kinaitwaje, na uandike jina hilohilo papo hapo, kabla hujalisahau.

Kama wewe ndiye unayepiga, usisogeze kitu hata shubiri moja. Mwaka 1936 Arthur Rothstein, mpiga picha wa serikali ya Marekani, alisogeza fuvu la ng'ombe mita chache tu alipokuwa akipiga picha za ukame huko South Dakota. Ukame ulikuwa wa kweli kabisa, lakini wapinzani wa serikali walilishikilia fuvu lile wakaziita picha zake uongo. Mwanasesere juu ya kifusi, ukimweka wewe, anayezungumza pichani ni wewe. Mwache pale mtoto alipomwacha, hata kama ni pembeni, nusu yake nje ya fremu.